Mwaka mzima na mzee wa kitalu Kigamboni: ukoka wangu, nyasi za Pemba na misimu minne

Nimeichelewesha hii riviu mwaka mzima makusudi kabisa, kwa sababu mtu wa kukutunzia majani huwezi kumpima kwa mwezi mmoja. Mwezi wa nne kila mtu Dar ana majani mazuri, hata yule ambaye hajawahi kushika mpira wa maji, mvua inamfanyia kazi yote. Njoo mwezi wa pili sasa, jua la kaskazi limekaa wiki na wiki bila tone, hapo ndo unajua nani alikuwa anatunza na nani alikuwa anakata tu na kuchukua hela. Kwahiyo nimesubiri mwezi wa pili upite, umepita, sasa naandika.

Mi nipo Kigamboni upande wa baharini. Udongo wetu ni mchanga, ukimwaga ndoo ya maji inapotea hapo hapo unaiangalia. Sehemu ya majani ni kama mita 10 kwa 12, mita za mraba 120, zaidi ya nusu ipo juani kutwa nzima na iliyobaki ipo chini ya mti mkubwa wa mkungu ambao wakati tunajenga nilikataa usikatwe. Maji ni ya kisima na yana chumvi, sio ya kutisha lakini ukichemshia chai unaisikia. Nataja haya yote kwa sababu mtu akisoma riviu ya majani bila kujua udongo, kivuli na maji ya mwenye nyumba hajasoma kitu, anaweza akaenda kwa mtu yule yule akapata matokeo tofauti kabisa.

Kabla ya huyu mzee nilikuwa na kampuni, sitaitaja jina. Walikuwa wanakuja na sare, na mkataba wa kurasa tatu, na kila mwezi wanafanya kitu kile kile: wanakata mpaka chini kabisa, wanamwaga mbolea ya UREA, wanaondoka. Mwezi wa kwanza hivyo, wa tano hivyo, wa nane hivyo hivyo. Mwaka jana mwezi wa pili mwanzoni wakaja wakakata mpaka mchanga ukaonekana, wakaniambia wanakata chini ili "ikae muda mrefu", alafu wakamwaga mfuko wa kilo tano wa UREA saa sita mchana, mvua hakuna, na maji hawakumwagia. Ndani ya siku nne pote pakawa rangi ya majani ya chai. Nilipowapigia wakasema nipande upya na wakanitumia gharama ya mita zote 120, majani ya kuletwa kwenye mikeka, nikaona hapana, hawa ndo wameniunguzia alafu ndo wanataka niwalipe tena.

Jirani yangu mmoja akaniambia nenda pale kwa mzee wa maua. Hana bango, ni kitalu cha kando ya barabara, miche kwenye viroba vyeusi, mchongoma, bougainvillea, mikadi, na nyuma kuna matuta ya majani ya aina mbili tatu. Nikamkuta na kijana wake wanamwagilia. Nikamweleza, akasema hatoi bei mpaka aone, akapanda bodaboda kwa hela yake akaja nyumbani jioni ile ile.

Alipofika hakuangalia juu, aliomba panga. Akakata kipande cha ardhi pembe nne kama anakata keki akakigeuza. Akanionyesha mizizi, haifiki hata kidole kimoja kwenda chini. Akaniuliza, "Mama, unamwagilia mara ngapi?" Nikamjibu kila siku jioni, dakika kumi hivi kwa mpira. Akasema, "Basi umeifundisha kunywa juujuu. Maji yapo juu kila siku, mzizi uende chini kutafuta nini?" Alafu akachimba pembeni kidogo chini ya zile nyasi zilizokauka akavuta uzi mweupe, mnene kama tambi, akaukunja, haukukatika. Akasema huu ni ukoka, juu umeungua lakini chini haujafa, umelala. Usipande kitu hapa juani, mvua ya kwanza utaona wenyewe unachomoza.

Yaani huyu anauza majani. Anaishi kwa kuuza majani. Na akaniambia zaidi ya nusu ya kiwanja nisinunulie majani kabisa. Kilichobaki kule chini ya mkungu ndo akasema pale ukoka hauwezi kukaa hata ufanyeje, ukoka unataka jua, kivulini unakuwa mrefu mwembamba kama nywele na unaachana, pale aweke nyasi za Pemba. Nilimkubalia pale pale na sijajuta.

Kwa wasiozijua hizi mbili, ukoka ni hizi nyasi za majani membamba unazoziona kila mahali, viwanja vya mpira, kando ya barabara, kitaalamu ni Cynodon dactylon, zinatambaa juu na chini ya ardhi pia, ndo maana kuziua ni kazi. Nyasi za Pemba zina jani pana, laini kidogo, rangi ya kijani iliyoiva, zinatambaa juu ya ardhi kwa mashina manene yenye vifundo, na kila kifundo kinatoa mizizi. Jina lake la kitaalamu ni Stenotaphrum dimidiatum na ni nyasi ya kwetu kabisa, pwani yote hii ya Bahari ya Hindi, kuanzia Kenya inashuka mpaka Afrika Kusini, na visiwani. Inavumilia kivuli, inavumilia mchanga, inavumilia upepo wa chumvi. Mi nilikuwa nimeshashawishiwa na watu wawili tofauti niweke yale makapeti ya plastiki ya kijani, wengine wakanishauri mbegu za kuagiza nje, wakati nyasi iliyozaliwa kwa ajili ya mchanga wa hapa ipo barabarani kwa mzee hana hata bango. Inaniuma kidogo ninapopita kwenye nyumba nzuri naona plastiki imepauka na mtoto hawezi kukanyaga saa saba mchana kwa moto.

Kazi ya kwanza aliyofanya haikuwa kupanda, ilikuwa kumwagia maji mengi ile sehemu iliyoungua, siku tatu mfululizo, ili ile mbolea iliyozidi ishuke ipite mizizi. Kupanda akasema tusubiri. Mzee anafuatilia utabiri wa TMA, wale wa hali ya hewa, kwenye redio, ule wa masika na ule wa vuli, na anapanga kazi zake zote kwa huo. Akaniambia tunapanda mvua ikishalowesha vizuri, sio mvua ya kwanza ya kutudanganya. Nikasubiri kama wiki tatu na kitu nikiwa naangalia vumbi, sikatai nilikuwa na wasiwasi.

Masika yakaingia kweli, katikati ya mwezi wa tatu, na kabla hata hawajaja kupanda nikaona kule juani vinachomoza vijani vidogo vidogo kama alivyosema, ndani ya wiki mbili ukoka ulikuwa umeshashika sehemu kubwa bila mtu kupanda chochote. Kule kivulini walikuja wawili, wakachanganya samadi na mchanga wa juu. Samadi yake niliinusa haina harufu ya zizi tena, imeiva, akasema samadi mbichi inaunguza na inakuletea mbegu za magugu zote alizokula ng'ombe. Wakachana mashina ya Pemba vipande vyenye vifundo vitatu vinne, wakazika kifundo kimoja au viwili na kuacha ncha nje, wakaachanisha kama shubiri moja moja. Mita kama 50. Nilitegemea mikeka iliyokwishafungamana, akaniambia mkeka ni bei mara mbili zaidi na masika haya yatakufanyia bure, ukiwa na subira ya miezi mitatu. Ilichukua miezi mitatu kasoro, mwanzoni mwa mwezi wa sita pakawa pamefunga.

Mbolea ya chumvichumvi, hiyo UREA, walitia mara moja tu msimu ule, mwezi wa tano mwanzoni, kwenye ukoka ulioshika vizuri. Hapa ndo nilielewa kosa la wale wa mwanzo. UREA ni asilimia 46 naitrojeni, ni kali, mzee anapima gramu 10 kwa mita moja ya mraba, kwahiyo ile sehemu ya juani ya mita 70 ilikula gramu 700 tu. Wale wa sare walimwaga kilo tano. Na anasubiri siku ambayo majani ni makavu lakini mvua ipo karibu, anarusha kwa mkono nusu akienda kaskazini kusini na nusu mashariki magharibi ili isirundikane sehemu moja, alafu kama mvua imechelewa anamwagia maji mwenyewe, kwa sababu UREA ikikaa juu ya ardhi juani sehemu yake inageuka hewa inapotea, unakuwa umelipia harufu. Mvua kubwa nazo hazitaki, zikipiga siku hiyo hiyo mchanga wetu unaipitisha yote chini. Nilitaka waongeze mwezi wa tano mwishoni maana niliona kwa jirani panang'aa kuliko kwangu, akakataa kabisa. Wiki mbili baadaye kwa jirani yakaanza madoa ya kijivu na kahawia kwenye majani, kuvu, mbolea nyingi na unyevu wa masika ndo chakula chake. Nilinyamaza.

Kukata wakati wa masika ni kila siku saba mpaka kumi, na hapa kuna kitu ambacho nataka kila mtu mwenye majani akijue hata kama hatamwita mzee yeyote. Hakati zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Ukoka anauacha urefu wa vidole viwili, Pemba anaiacha vidole vinne vya mkono wake, kama sentimita saba hivi, mashine inapandishwa akifika kwenye mkungu. Jani ndo jiko la mmea, ukilikata lote unaulazimisha ule akiba iliyopo kwenye mizizi. Hakati majani yakiwa yamelowa, anasubiri hata mpaka saa tano umande uishe. Na kabla ya kuwasha mashine anapitisha tupa kwenye kisu. Kisu butu kinararua badala ya kukata, ukiinama utaona ncha zimechanika kama uzi, kesho yake zinageuka kahawia, ukiwa mbali unadhani majani yana ugonjwa. Miaka miwili yote ya ile kampuni mi nilikuwa naona ule ukahawia baada ya kukata nikadhani ni kawaida.

Ndago, lile gugu lenye vidonge chini ya ardhi, ndo vita ya masika. Ukiing'oa kwa mkono inakuja jani tu, kile kidonge cheusi kinabaki chini na kinatoa mengine mawili. Kijana wake anakuja na kijiti cha chuma kilichochongwa bapa, anazama nacho pembeni ya shina mpaka anakitoa kidonge chenyewe, moja moja, amekaa kwenye kiroba asubuhi nzima. Sijawahi kuona mtu mwingine anafanya hivyo kwa mshahara wa bustani. Dawa ya magugu hawakupiga hata mara moja.

Kipupwe hakina mengi. Kuanzia mwezi wa sita baridi kidogo inaingia, kusi inavuma, majani yanapunguza kasi, na wao wakapunguza kuja, kukata kukawa kila wiki mbili, baadaye tatu. Bei ya mwezi wakaishusha wenyewe, sikuomba. Walichofanya kipindi hicho ni kuchana kwa reki ule mkeka wa majani makavu uliojikusanya katikati ya ukoka, maana ukizidi unakuwa kama mwavuli, maji hayafiki chini, na kutoboatoboa kwa uma wa bustani pale watoto wanapochezea mpira pamekandamizwa. Kusi ikivuma sana inaleta mvuke wa chumvi kutoka baharini, ukoka wa upande wa ukuta wa mashariki ukawa na ncha nyeupe nyeupe, akaja akaumwagia maji tu kuosha. Na mkungu ukianza kupukutisha yale majani yake mekundu makubwa kama sahani, usiyaache hata siku mbili juu ya Pemba, yanaziba mwanga, hiyo kazi nafanya mwenyewe kila asubuhi na naipenda.

Sasa vuli, na hapa ndo naanza kupunguza nyota.

Mwezi wa kumi mwanzoni tulikubaliana watamwaga tabaka jembamba la mchanga na mboji juu ya majani yote, chini ya sentimita moja, kusawazisha mabonde na kuupa ukoka nguvu kabla ya mvua. Kazi yenyewe wanaijua, wanamwaga, wanasambaza kwa mgongo wa reki mpaka ncha za majani zinatokeza. Lakini ule mchanga walioleta safari hii hawakuuchekecha, na ulikuwa na ndago. Wiki tatu baada ya mvua kuanza nikawa na ndago sehemu ambazo hazijawahi kuwa nazo, katikati kabisa ya Pemba. Nilikasirika. Mzee alikuja akaangalia, hakubishana, akasema, "Mama hili ni la kwetu", na kijana akakaa siku mbili bila malipo kuzitoa. Zimebaki chache mpaka leo. Ni kosa ambalo mtu wa kitalu hakutakiwa kulifanya, udongo wa kuleta ndo mlango mkubwa wa magugu na yeye ndo aliyenifundisha hivyo.

La pili, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliwatangaza kwa majirani watano na wote wakawachukua, ikifika mwezi wa kumi na moja kila mtu anawataka siku moja, simu hazipokelewi, Jumamosi inageuka Jumanne. Na ilitokea wakati mbaya kuliko wote. Baada ya mvua za kwanza za vuli nikaona asubuhi kunguru wamejaa kwenye majani wanadonoa donoa, siku ya pili wameongezeka, na ukoka una sehemu kama imenyolewa. Nikapiga simu mara sita. Jioni akapokea, kwa simu tu akaniambia chukua ndoo ya maji weka sabuni ya vyombo kidogo, mwaga pale kwenye mpaka wa majani mazima na yaliyoliwa, subiri dakika tano. Nikafanya, wakaanza kupanda juu, viwavijeshi, weusi wana mistari ubavuni, nilihesabu zaidi ya ishirini kwenye sehemu ya ukubwa wa trei. Wanapenda sana nyasi changa za mvua za kwanza na wanakula usiku usiku, ukichelewa siku tatu unakuta vijiti. Alikuja kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, akapiga dawa jioni ya siku hiyo wanapotoka kula, kwenye ukoka tu, akaniambia watoto na kuku wasikanyage mpaka siku mbili zipite. Robo ya ukoka ilikuwa imeshaliwa. Ukachipua tena ndani ya wiki mbili maana mvua ilikuwepo, lakini angepokea simu asubuhi isingefika huko. Nimemwambia usoni, kasema ameongeza kijana mwingine. Tutaona.

Risiti pia hawatoi, inabidi uandike kwenye daftari lako na yeye anasaini. Kwangu sio shida ila kwa mtu wa ofisi au wa nyumba ya kupangisha anayetaka hesabu itakuwa shida.

Haya, kiangazi. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili akaja akapandisha mashine, ukoka vidole vitatu, Pemba karibu sentimita nane, akasema kuanzia leo mpaka masika hakuna mbolea yoyote, kukata ni pale tu panapozidi. Jani refu linafunika ardhi, ardhi haikauki haraka. Alafu tukapanga maji, na hii hesabu nimeibandika kwenye mlango wa jiko. Majani yanataka kama milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwahiyo mita 120 mara 25 ni lita 3,000, ni simtanki langu moja lote. Kwenye udongo wa mfinyanzi ungemwaga yote siku moja, ila mchanga wetu hauwezi kuyashika, kwahiyo nagawa mara mbili, nusu simtanki Jumatatu na nusu Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja. Naweka kopo la tuna tupu katikati, likifika kina cha kama sentimita moja na robo nafunga bomba. Jioni hapana tena, majani yakilala yamelowa usiku kucha ni kukaribisha kuvu. Ukiona ukoka unakuwa na rangi ya bluu bluu na ukikanyaga nyayo zinabaki haziinuki, hapo una kiu kweli, mwagia hata kama sio siku yake.

Swali langu lilikuwa chumvi ya kisima. Akasema hapo ndo sababu nyingine ya kumwagia kwa wingi mara chache, maji machache ya chumvi kila siku yanakauka juu yanaacha chumvi kwenye mizizi, maji mengi yanaisukuma chini, na kitakachobaki masika yataosha. Pemba haikuonyesha hata dalili. Ukoka ulibadilika rangi kidogo mwishoni mwa mwezi wa pili, ukawa kijani iliyofifia, sehemu ya karibu na sementi ikawa kahawia kabisa. Akaniambia niache, umepumzika, hiyo ni nyasi ya huku inajua kiangazi kuliko sisi. Na juzi hapa nimekata pembe nne kwa panga kama alivyofanya yeye mwaka jana nikaigeuza. Mizizi ya ukoka imepita urefu wa kiganja changu na vidole vyake. Nilikaa nayo mkononi pale chini kama dakika tano, nikamwita mume wangu aje aone mizizi.

Bei kwa anayetaka kulinganisha: kupanda zile mita 50 za Pemba na samadi na kazi nililipa laki mbili na nusu. Huduma ya mwezi elfu sitini, masika wanakuja mara tatu hadi nne kwa bei hiyo hiyo, kipupwe walishusha mpaka elfu arobaini. Mchanga na mboji ya vuli nililipa pembeni, na lori likitokea upande wa mjini kwa daraja la Kigamboni, uliza kabla kama kuna tozo na nani anailipa. Ile kampuni ya sare nilikuwa nawalipa laki na ishirini kwa mwezi.

Nawapa nyota nne. Ya tano inarudi wakipokea simu vuli ijayo na wakichekecha mchanga.

Ukitaka kwenda, kitalu kipo mkono wa kushoto ukiwa umetokea feri, utaona mikadi mingi mbele na pipa la bluu. Nenda sasa hivi kabla masika hayajakolea maana akishaanza kupanda kwa watu hupati nafasi mpaka mwezi wa tano. Beba picha ya kiwanja chako iliyopigwa saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi jioni ili aone kivuli kinatembeaje, na chupa ndogo ya maji ya kisima chako, ataonja mbele yako ndo akuambie upande nini.